Transista Nne za Phonie ya Nakivale

Kwetu Kivu ya Kusini tuliiita phonie, na tulipofika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, tuliendelea kuiita hivyo hivyo. Ni redio ya kuzungumzia: unabonyeza kitufe cha kipaza sauti unasema, unakiachia unasikiliza. Kabla simu za mkononi hazijafika kambini, habari za nyumbani tulizipata kwa phonie au kwa msafiri, na msafiri aliweza kuchukua mwezi mzima. Phonie yetu ilikaa katika chumba cha udongo nyuma ya kanisa, kibali chake chenye muhuri kimebandikwa ukutani, na mwendeshaji wake nilikuwa mimi.

Kazi hiyo nilijifunza kule milimani, kwenye zahanati ya misheni nilikokuwa nachemsha vyombo vya wauguzi. Siku moja mwendeshaji wao aliugua, wakanikalisha mezani kwa sababu sauti yangu inasikika vizuri hewani. Walinifundisha kuita, kusubiri na kuandika ujumbe. Kilichomo ndani ya sanduku hakuna aliyenifundisha, na mimi sikuuliza. Niliona hayo ni mambo ya mafundi.

Phonie yetu ilikuwa na masanduku mawili. Dogo ndilo lililokuwa redio yenyewe, lenye vitufe na saa ya mawimbi. Kubwa lilikuwa jeusi, zito, lenye mapezi ya alumini mgongoni, na hilo lilikuwa amplifaya. Redio peke yake ina sauti dhaifu. Amplifaya huichukua sauti hiyo na kuitia nguvu mpaka ivuke milima, ifike Uvira, kwetu Kongo. Yote mawili yalinunuliwa yakiwa yameshatumika, na nadhani amplifaya ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko nusu ya kwaya yetu.

Uvira kulikuwa na mwendeshaji mwenzangu. Sikuwahi kumwona. Kwa miaka mitatu tulizungumza kila siku isipokuwa Jumapili, nikajua kikohozi chake, nikajua jogoo wake, nikajua kwamba hanywi chai bila tangawizi. Yeye aliniita Mama Nakivale, mimi nikamwita Papa Uvira.

Asubuhi moja mzee mmoja mfugaji wa milima ya Itombwe alikuwa amekaa kwenye benchi langu akimsubiri mdogo wake aletwe kwenye phonie ya Uvira. Nilipobonyeza kitufe nikasikia mlio mdogo, kama wa njugu inayopasuka kwenye kikaango, kisha harufu ya kuungua. Nikaita tena. Papa Uvira akajibu kwa mbali sana.

"Mama Nakivale, sauti yako imeenda wapi? Niko nakusikia sawa mutu iko chini ya maji. À vous."

"À vous" ndivyo tulivyomaliza kila zamu, yaani sasa ni zamu yako kusema. Nilisema, lakini hakunisikia tena. Mzee alichukua fimbo yake akaniambia, "Haina neno, mama, nitarudia kesho." Kesho yake alirudi, na kesho kutwa, na kila mara nilimrudisha.

Tuligundua kwamba alfajiri, hewa ikiwa bado safi, redio ndogo iliweza kunong'ona hadi Uvira kwa dakika ishirini hivi. Katika dakika hizo Papa Uvira akanifungulia siri yake: amplifaya yake, ya aina moja na yangu, ilikuwa imekufa tangu mwaka uliopita, naye alikuwa akitumia redio tu, yenye nguvu kidogo kuliko yangu. Mimi nilikuwa nikimsikia kwa shida siku zote hizo nikidhani ni mawingu.

"Fungua sanduku," akasema. "Chukua bisibisi, ufungue, uniambie unaona nini. À vous."

Niliogopa kama mtu anayefungua barua isiyo yake. Mkononi nilikuwa na bisibisi ya cherehani. Nikatoa skrubu nane, nikanyanyua kifuniko, na hapo ndipo maisha yangu yalipogeuka kidogo, kwa sababu nilitaka kujua kila kitu kilichokuwa mle. Kulikuwa na nyaya za shaba zilizosokotwa kama vipuli. Katikati, juu ya bamba la alumini, vilikaa vidude viwili vya duara, kila kimoja na kofia nyeupe kama kigae na miguu minne mipana iliyolala kama mabawa. Kimoja kilikuwa kimepasuka na kuwa cheusi pembeni.

"Iyo ndiyo transista," akasema Papa Uvira. "Moja inasukuma, ingine inavuta. Moja ikikufa, ingine haiwezi peke yake. Lakini sikia vizuri: ile kitu nyeupe usivunje, usikwaruze. Vumbi yake iko mubaya kwa mapafu. Funga mu plastiki, weka mbali na batoto. À vous."

Nikaifunga, nikaisukumiza juu ya kabati. Ila nilibaki nikijiuliza: ndani ya kile kigae mna nini hasa kinachokuza sauti?

Nilikwenda Mbarara kutafuta nyingine. Nilipanda lori la mahindi hadi Kabingo, nikapata gari la kwenda mjini. Mchuuzi mmoja wa spea alinitolea transista inayofanana kabisa, namba ile ile imeandikwa juu kwa wino mweupe. Nilifurahi mno. Niliporudi nikailehemu, ikadumu muda wa kusalimia tu, ikafa. Nilipoipangusa kwa spiriti namba ikatoka kwenye pamba, na chini yake ikajitokeza namba nyingine, hafifu, ya kifaa nisichokijua. Nilikaa nikiitazama ile pamba. Hasira ilikuwepo, lakini mshangao ulikuwa mkubwa zaidi: kumbe kuna mtu mahali fulani anaketi kuandika majina ya uongo juu ya transista.

"Za kweli hazitengenezwi tena," Papa Uvira akaniambia alfajiri iliyofuata. "Ile fabriki ilishaacha. Lakini kuna fundi mumoja hapa alinieleza, kuna transista ya miguu tatu, nyeusi, haikutengenezwa kwa redio. Iko mu ile sanduku inalinda kompyuta fasi courant ya umeme inakatika. Anasema inaweza kuimba. Mimi hapa sina pa kuipata. Wewe uko karibu na Mbarara. À vous."

Mbarara ya wakati huo ilikuwa imejaa kompyuta na umeme wa kukatika, kwa hiyo masanduku hayo yaliyokufa hayakuwa adimu. Nilimpata mama mmoja Mnyankole mwenye duka la vifaa vya umeme, aliyekulia karibu na kambi ya jeshi na kujifunzia Kiswahili hukohuko. Nyuma ya duka lake masanduku hayo yalikuwa yamerundikana hadi dirishani.

"Nyabo, hii yote ilikufa," akaniambia, akiniita bibi kwa lugha yao. "Wewe nataka ya nini?"

"Nataka miguu mitatu iliyomo ndani."

Alicheka mpaka akaegemea mlango. "Basi chukua miguu. Hiyo ingine wacha hapa." Kisha akaniletea kiti, akakaa karibu yangu kutazama ninavyozifungua. Tangu siku hiyo hakuacha kuniuliza maswali.

Nilirudi Nakivale na transista kumi na sita kwenye mfuko wa unga. Nikachagua mbili kubwa kuliko zote, nikazifunga kwa skrubu pale zilipokaa zile za zamani, nikaunganisha betri. Fyuzi ikakatika papo hapo. Nikaweka nyingine, ikakatika pia. Siku mbili nilipima kwa mita kila waya, hadi nikagundua kwamba mgongo wa chuma wa transista hizi una umeme, na mimi nilikuwa nimeukandamiza kwenye bamba la alumini linalogusa sanduku zima. Zile za zamani mgongo wao haukuwa na umeme. Ilibidi kitu kikae katikati, kinachopitisha joto lakini kinachozuia umeme.

Nilipomweleza yule mama wa Mbarara, akaingia ndani akatoka na pasi ya umeme iliyoungua. Tukaifungua. Waya wa moto ulikuwa umezungushiwa majani ya ulanga, yale yanayong'aa kama kioo chembamba. "Hii inakaa na moto na haishiki umeme," akasema. "Itakusaidia?" Ilinisaidia. Nilikata vipande kwa mkasi wa cherehani, ukubwa wa kucha.

Fyuzi haikukatika tena, lakini sauti nayo haikutoka. Amplifaya ilikaa kimya, ya baridi, kama haikuambiwa kitu.

"Pima ule mguu wa kwanza," Papa Uvira akaniambia. "Volti ngapi? À vous."

"Haifiki hata moja. À vous."

Nikasikia jogoo wake.

"Basi ni ile. Za zamani zinaamuka na volti kidogo. Hizi fundi anasema zinalala mpaka zione karibu ine. Ongeza polepole, polepole sana. Ukizidisha zitawaka. À vous."

Nikatoa kitufe cha kuongezea sauti kwenye redio mbovu ya kaseti, nikakiunganisha hapo, nikawa nakizungusha huku nikitazama sindano ya mita. Mbili. Tatu. Tatu na nusu, hakuna kitu. Kisha sindano ya saa inayoonyesha umeme wa betri ikatikisika, nami nikaruka nyuma kwenye kiti. Zilikuwa zimeamka.

Hata hivyo sauti ilitoka nzito, na bamba likawa la moto kupita kiasi. Papa Uvira alisema afadhali ile ya kunong'ona. Tulijadiliana asubuhi nne tatizo ni nini. Ndipo alipomrudia yule fundi wake, akaja na jibu ambalo sikuliamini: nilikuwa nimechagua zenye nguvu mno. Transista kubwa, alisema, zina tumbo kubwa la kujaza umeme kila zinapoamka, na mawimbi ya redio yanageuka mara milioni kadhaa kwa sekunde, hazipati muda wa kujaza na kumwaga. Tafuta ndogo, ufunge mbili mbili kila upande.

Mimi maisha yangu yote nilijua kitu chenye nguvu zaidi hufanya kazi zaidi. Nilikwenda Mbarara nikiwa na shaka. Ndogo hazikuwa kwenye masanduku yale. Tulizikuta, mimi na mama yule, ndani ya skrini nene za kompyuta zilizokufa. Nilichukua kumi. Nne nikazifunga, nikakata ulanga upya, nikaziamsha polepole.

Alfajiri iliyofuata niliita mara moja tu.

"Mama Nakivale!" Alikuwa karibu kupiga kelele. "Uko fasi gani leo? Uko mu nyumba yangu? À vous!"

Nilicheka peke yangu mle chumbani, kipaza sauti mkononi, nikasahau hata kubonyeza. Sauti haikuwa na nguvu kama ya zamani, kwa mita ilikuwa kama theluthi mbili, lakini ilikuwa safi, na ilifika saa nne asubuhi, na ilifika mchana. Mzee mfugaji aliitwa siku hiyohiyo. Aliongea na mdogo wake kuhusu ng'ombe mmoja mwekundu kwa muda mrefu hata watu wa benchi wakaanza kukohoa. Alipomaliza alinishika mkono, akaenda zake.

Moja ya zile kubwa nilizozitoa niliikata kwa msumeno mdogo, baada ya kumuuliza Papa Uvira kama haina sumu. Akaniambia iyo ya plastiki haina neno. Niliazima miwani ya mchungaji ya kusomea, nikatazama. Ndani mlikuwa na kipande cha kijivu kinachong'aa, kidogo kama punje ya mchele iliyokatika, chenye doa jeusi katikati na nyaya mbili nyembamba kuliko unywele. Basi. Nilikuwa nimetarajia zaidi, na hapohapo nikaona haiwezekani kutarajia zaidi: kitu kama kile, na kinabeba sauti ya mtu hadi Uvira.

Nne nyingine kati ya zile ndogo nilimtumia Papa Uvira kwa mfanyabiashara wa vitenge, zimefungwa kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, pamoja na vipande vya ulanga na maelezo niliyoyaandika pande zote mbili za ukurasa. Zilichukua wiki tano njiani. Zilifika, lakini moja ilikuwa imevunjika mguu.

"Nimefunga tatu," akaniambia. "Mbili upande huu, moja upande ule. À vous."

"Haitakubali," nikamwambia. "Mizani haitakuwa sawa. À vous."

Ilikubali. Tena sauti yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Miaka michache baadaye mnara wa simu ulisimamishwa, benchi langu likabaki tupu, na kibali cha phonie kilipokwisha muda hakuna aliyeona haja ya kukiomba upya. Papa Uvira alinipa namba yake ya simu katika mazungumzo yetu ya mwisho ya hewani. Mara ya kwanza nilipompigia, sauti yake ilikuwa nene, kama ya mtu mwingine, na sote wawili tulikuwa tukisema sentensi moja kisha tunanyamaza, kila mmoja akimngojea mwenzake. Yule mama wa Mbarara alinipa meza mbele ya duka lake, nikawa natengeneza mashine za umeme wa jua, ambazo ndani yake zimejaa miguu mitatu ya kila aina.

Kwa simu tuliendelea kuulizana kwa nini zile tatu zake zilikubali. Alisema labda ile iliyo peke yake ilikuwa imara kuliko wenzake. Mimi nilisema labda zile mbili ziligawana vibaya, moja ilikuwa imelala tu. Mwishowe nilichukua amplifaya yetu ya zamani iliyobaki kanisani, nikaomba ruhusa, nikatoa transista moja nikabakiza tatu, nikaipima mezani, taa ikiwa mahali pa antena kwa kuwa kibali kilikwisha. Upande wenye moja ukaungua kabla sijahesabu kumi. Nikampigia nikamweleza. Akasema nipime tena nikibadilisha upande, maana huenda ile ya kwake iliyo peke yake ilikuwa ya kushoto.