Mtamba Aliyenifuata Misri

Nimekana kwa muda mrefu, hata mbele ya wanafunzi wangu wa chuo cha Kabianga, kwamba ile wiki yangu ya kutalii Misri na walimu wenzangu wa chuo niliimaliza nikiwaza ng'ombe. Nilisema nilizama katika historia. Sikuzama. Nilisimama chini ya piramidi kubwa, shingo imepinda kama watalii wote, nikijiuliza kama mume wangu ameangalia kiwele.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa mtamba, hajawahi kuzaa. Baba alinipa nyanya ya mtamba huyu nilipomaliza chuo, na kaka zangu wakaamua kwamba uzee umeanza kumchezea mzee, maana kwetu ng'ombe hutolewa kwa ajili ya msichana, hapewi msichana. Baba alipofariki waliuza ng'ombe wake wote, wakapanda majani chai hadi mlangoni. Wangu walimalizwa na ndigana, ule ugonjwa wa kupe, akabaki huyu. Angekufa akizaa, hakuna tena kitu cha baba ambacho kingekuwa kinapumua, ukitutoa sisi watoto, ambao hatutoi maziwa.

Daktari wa mifugo alisema nitarudi kabla hajazaa. Nikamwachia mume wangu. Wazazi wake walihamia mji wetu wa Litein kutoka Mkoa wa Kati kufanya biashara, naye alilelewa nyuma ya kaunta ya duka. Anajua misumari yote kwa saizi. Ng'ombe yeye huwapisha njia, kwa heshima.

Tulipofika makaburi ya Sakara, simu ikaita.

"Mama watoto, kuna miguu miwili inatoka."

"Ya mbele ama ya nyuma?"

"Nitajuaje? Ni miguu."

"Daktari je?"

"Ako Soin, mvua imeharibu barabara. Na ndugu zako hawashiki simu."

Ikakatika. Ndani ya kaburi kiongozi wetu alikuwa akituonyesha michoro ya ukutani: wavuvi, mabata, watu wakibeba mikate. Chini kabisa, mahali pa kuchuchumaa, nikamwona ng'ombe ametanua miguu, na nyuma yake mwanamume anavuta ndama kwa mikono miwili, miguu ya mbele na kichwa vikitangulia. Nilimpiga kumbo profesa mmoja bila samahani, nikapiga picha, nikakimbilia nje kutafuta mtandao. Nikamtumia mume wangu pamoja na maneno: "Ukiona pua hivi, yuko sawa. Vuta mama akisukuma, uelekeze chini. Akitulia, tulia."

Akajibu: "Huyu hana shati."

"Vua lako."

Wenzangu wakaenda kuona piramidi ya ngazi. Mimi nilikaa juu ya jiwe, nimeipa mgongo, nikiitazama simu. Nilijaribu kuomba, kisha nikakumbuka kwamba katika Biblia mifugo ya nchi hii haikuwa na bahati. Kiongozi akaniletea maji, akidhani ni jua. Nikayanywa yote.

Hatimaye ikaita.

"Ametoka," akasema, akihema.

"Mzima?"

"Anapiga chafya. Mama yake anamlamba. Mimi pia ananilamba, sijui anafikiri nimetoka wapi."

"Ni ndume ama?"

Nikasikia matope, na mume wangu akisema "pole, mama" kwa mtu ambaye si mimi.

"Ni msichana," akasema. "Sasa enda uangalie hizo piramidi zako."

"Usikate kwanza," nikamwambia. "Iweke tu hapo, karibu nao."