Mfalme Niliyemsoma Ndani ya Eda

Kitabu kilikuwa cha mwanangu. Alikiazima kwa mwenzake wa darasani, akakisoma hadi siku za matanga, kisha akakiacha juu ya kabati na kipande cha gazeti katikati yake. Nilikichukua wageni walipoanza kupungua. Nilikuwa kwenye eda ya mume wangu, siendi popote, na cherehani ninayoshonea watu nilikuwa nimeifunika. Shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nimejifundisha mwenyewe, kwa utaratibu ambao sijaubadili: ukurasa nausoma kwanza bila kamusi, nikubali kutoelewa, kisha naurudia kwa kamusi na penseli.

Kiliandikwa kwa ajili ya vijana. Mvulana anavishwa taji siku anapozikwa baba yake. Taji lina uchawi: kila amri anayotoa inakula kumbukumbu yake moja ya utotoni. Anaamuru daraja lijengwe, anasahau jina la mbwa wake. Anaamuru mfungwa aachiwe, anasahau wimbo aliobembelezewa. Hata amri njema inakula. Usiku anazunguka jumba lake akigusa kuta, na mchana anafokea watumishi. Wazee wa baraza wanamsifu kuwa amekomaa upesi.

Jirani aliyeniletea uji akanikuta nacho. Akasema, "Wenzio wakikaa eda wanashika tasbihi, wewe umeshika mfalme wa Kizungu." Nikamjibu kuwa tasbihi ipo, naishika nikimaliza ukurasa.

Kwetu Kiwalani, mwenye nyumba akifa, ndugu zake hawapendi nafasi yake ikae wazi. Wanaume waliporudi makaburini, kaka mkubwa wa marehemu alimsimamisha mwanangu mbele ya jamvi, akamvika kofia ya baba yake, akatangaza kuwa sasa yeye ndiye mwenye nyumba. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nikaona kupitia upenyo wa pazia. Kofia ilimfika masikioni. Wanaume wakaitikia. Hakuna aliyekusudia ubaya.

Tangu hapo hakuivua ila kwa kulala. Alianza kuuliza nani ameacha mlango wazi. Alimkemea mdogo wake wa kike kwa kucheka kwa sauti, na yule binti akazoea kucheka kwa jirani. Mwanangu alikuwa kidato cha tatu. Baba yake mkubwa alikwisha kumtafutia kibarua kwenye yadi ya makontena Kurasini, alikokuwa akifanya kazi marehemu. Shule zikifunguliwa, wenzake wangeingia darasani na yeye angeingia yadi. Nilipompinga alisema tu kwamba mambo hayo ni yake sasa, nisijisumbue.

Nilipofika kwenye kile kipande cha gazeti, nilimkuta mfalme akiamuru kengele za msiba wa baba yake zinyamaze. Asubuhi anaamka, sauti ya baba yake haipo tena kichwani.

Siku niliyokimaliza kitabu, mwanangu alikuwa akinywa chai. Nikamuuliza kwa nini aliishia pale penye kengele. Alizungusha kikombe kwa muda.

"Mie nimeshaanza kuisahau sauti ya baba," alisema. "Nikijaribu kuikumbuka inakuja ya baba mkubwa."

Akauliza kama mwishoni mfalme analivua taji. Nikasema analivua.

"Na alivyovisahau?"

"Havirudi."

Ningeweza kumtuliza kwa jibu jingine, lakini kitabu kipo na Kiingereza anakijua. Nikamwomba kofia. Aliivua polepole, akaikunja vizuri, akanipa. Paji lake la uso lilikuwa na alama ya upindo.

Ijumaa shemeji yangu, yule baba yake mkubwa, alikuja kumchukua akamwoneshe yadi. Nilizungumza naye nikiwa nyuma ya pazia. Nikamwambia mwenye nyumba ni mimi, na mtoto anarudi shule.

"Shemeji, uko eda. Nyumba itaendeshwaje na mtu asiyetoka?"

"Cherehani nayo haitoki, shemeji."

Aliweka kikombe chini. Kisha akasema, haya basi, nisije baadaye nikasema hawakunisaidia, akaondoka bila kumaliza kahawa. Mpaka leo hupita mara chache.

Shule zilipofunguliwa mwanangu alikwenda, kichwa wazi. Jioni nilikuwa napiga pindo la sare ya mtoto wa jirani alipokuja kukaa kando ya cherehani. Aliuliza baba yake alikuwa akisemaje akirudi kazini. Yeye mwenyewe aliyasikia maneno hayo miaka yote: "Wenye mji mpo?"

Nikaacha kitambaa, nikajaribu, nikilivuta neno la mwisho kama alivyokuwa akilivuta baba yake. Ilitoka sauti yangu. Mwanangu alisikiliza, macho ameyafumba, kisha akaniomba nirudie.