Usiifungie Pumzi Chini ya Chuma

Ijumaa, saa kumi na robo jioni, nikiwa kidato cha pili: siku hiyo haijanitoka. Akiru, mdogo wangu, mwanangu (niache nikuite hivyo leo, mama hayuko hapa kunicheka), nakuandikia kwa sababu umeniambia kwamba nawe umeanza kubeba vyuma huko Kakuma.

Nilikuwa nimeletwa Lodwar kwa shangazi, pale Nawoitorong, nisome. Shangazi ni mwema, lakini kazini hurudi giza limeingia. Shuleni sikuwa na rafiki. Mtu ananisalimu "ejok," najibu "ejok noi," basi, maongezi ya siku yamekwisha. Mahali nilipopapenda ni jimu moja ya mabati nyuma ya soko. Vyuma vyake ni vyuma kwa jina tu: mikebe ya rangi iliyojazwa saruji, ikachomekwa kwenye bomba. Msichana nilikuwa peke yangu. Wavulana walinyanyua kwa kelele, "Fuuu! Fuuu!" Mimi niliona haya hata kusikika nikihema. Kwa hiyo nikabana mdomo, nikafunga pumzi kifuani, nikachuchumaa na bomba mabegani, nikainuka hivyo hivyo.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikiwa naendelea, macho yakaingia giza, masikio yakalia. Bomba likaniponyoka nyuma, likagonga sakafu, nami nikaketi chini kama gunia.

"Sista, unachimba kisima?" mmoja akauliza. Wakacheka wote.

Mzee Bahati, Mkongomani aliyekuwa akitufundisha, alileta maji. Akangoja mpaka nikanywa yote.

"Mama, unafunga pumzi juu ya nini?"

"Sitaki wanisikie."

"Hawa?" Akawatazama. "Hawa kila mtu anajisikia yeye mwenyewe. Hakuna mwenye anakusikia."

Alitaka kunifariji, najua. Lakini neno lile liliniuma kuliko kuanguka, maana lilikuwa kweli hata nje ya jimu.

Kisha akakaza sauti. "Ukishuka, vuta pumzi. Ukipanda, itoe. Na utahesabu kwa sauti, maana mwenye kuhesabu hawezi kufunga pumzi. Nikikukuta umenyamaza tena, hutagusa chuma hapa. Mimi sitabeba maiti kwa shangazi yako."

Nikaogopa, Akiru. Nikifukuzwa pale, nilikuwa nabaki na nyumba tupu na redio.

Basi mwanangu, shika haya. Pumzi hutoka unapopambana na uzito, huingia unapoushusha. Anza na mzigo ambao ukiwa nao bado unaweza kuongea. Kizunguzungu kikija, weka chini, keti, mwambie mtu; mficha maradhi kifo humuumbua. Kuona haya si kosa, hata mimi bado naona. Ila haya isikuzibe pua na mdomo, kwa sababu chuma hakijui kwamba wewe ni mpole. Akuj, Mungu wetu, akupe kifua kipana, akulinde mgongo, na ukiita akupe mtu wa kukuitikia.

Kesho yake asubuhi nilirudi. Nikatoa mkebe mmoja kila upande. Nikashuka nikivuta pumzi, nikapanda nikisema, "Moja." Sauti ilitoka kama ya kifaranga. Hakuna aliyegeuka.

"Mbili," nikasema, kwa nguvu zaidi.