Mguu wa Kanyagio

Siku hizi watu hununua suruali kama wanavyonunua nyanya: wanabonyeza, wanalipa, wanaondoka. Hakuna anayepimwa kiuno, hakuna anayeulizwa kama anataka mfuko wa saa. Fundi alikuwa wa zama zile nyingine. Cherehani yake haikujua umeme. Ilijua mguu wake wa kulia tu, na mguu huo ndio uliopata kidonda juu ya kifundo, kikakataa kufunga mwaka mzima.

Alikipaka kila unga wa dawa alioelekezwa. Juu kinakauka, chini kinachimba. Daktari akamwambia bila kuzunguka kuwa watajaribu tiba nyingine, na ikishindikana watazungumza habari ya kukata mguu. Fundi akarudi nyumbani, akaifunika cherehani shuka, akasukuma sahani ya chakula pembeni.

Tiba yenyewe ilimshangaza. Muuguzi, binti mwenye mikono myepesi, alikisafisha kidonda, akakimulika kwa taa nyekundu isiyounguza, kisha akakifunika kwa bandeji yenye ute wa baridi.

"Mwanangu, unakilowesha tena? Sisi tulijua kidonda kinakaushwa."

"Kikikauka, baba, kinafanya gamba, na nyama changa inashindwa kutambaa. Usiifungue mpaka urudi kwangu."

Akaitikia. Lakini kichwani alikuwa na hesabu zake: kama taa ndogo ile inaponya, je, jua zima? Basi kila asubuhi anabandua bandeji, ananyoosha mguu mlangoni pa duka lake, chumba cha mbele cha nyumba, jua linamwakia, naye anajiona mjanja kuliko hospitali. Aliporudi kliniki na mkewe, kidonda kilikuwa kigumu kama ngozi ya ngoma, kingo zimepasuka.

"Nani kaibandua hii?"

Fundi akatazama dari.

"Si huyu hapa!" mkewe akamjibia. "Anakianika kama shuka."

Muuguzi akacheka, kisha akaacha kucheka, akaanza tiba upya.

Njiani mke hakumpumzisha. "Hebu niambie, mume wangu. Kitani kikavu unakipiga pasi ya mkaa?"

"Nina wazimu? Kitaungua."

"Sasa unafanyaje?"

"Natandika kitambaa kibichi juu yake, ndipo..."

"Malizia, bwana fundi. Ndipo nini?"

Maisha yake yote alikuwa ameona moto na unyevu vikifanya kazi pamoja, kimoja bila kingine kikiharibu, na bado alikuwa amekwenda kujianika mlangoni. Akacheka peke yake mpaka wapita njia wakageuka.

Tangu hapo akawa mtiifu. Kliniki anamulikwa, nyumbani haigusi bandeji, hata ikimwasha namna gani. Taratibu kingo zikawa za waridi, zikasogeleana kama pande mbili za kitambaa zilizopigwa bandi, mshono ule wa kushikiza. Siku daktari alipoukagua mguu, alibonyeza ngozi mpya, akaandika, akaita mgonjwa mwingine. Neno la kukata halikutajwa.

Nyumbani Fundi akalivuta shuka la cherehani, akatia mafuta, akakanyaga. Cherehani ikakohoa, kisha ikashika mwendo wake wa zamani.

"Inapiga kelele kama mwenyewe," mkewe akasema, akamtupia gauni lililofumuka pindo.

Siku hiyo duka la jirani liliuza suruali nyingi. Fundi alishona pindo moja tu, polepole, na alipofika mwisho wake akamuuliza mkewe kama hakuna gauni jingine.