Deadlift kilo 160, lakini nilikosa pumzi ya kumtaja kaka yangu: vile nilichagua cardio

Wakuu, salamu kutoka Kosele. Shule yangu iliishia darasa la nane na mimi si mtu wa maneno mengi, kwa hivyo mtanivumilia. Haya yalinipata mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Humu watu huuliza kila mara: anayeinua vyuma vizito afanye cardio gani, yaani mazoezi ya pumzi, isiyomharibia nguvu? Jibu langu ninalo. Lilitoka mahali pachungu tu.

Mimi ni mpakiaji wa mahindi sokoni. Nyuma ya nyumba nina ekseli ya trekta na ndoo za simiti, na miaka sita nimefanya squat (kuchuchumaa na mzigo mabegani) na deadlift (kuinua mzigo kutoka chini). Deadlift ilikuwa imefika kilo 160. (Tuliipima kwa mizani ya mahindi, msinibishie.)

Cardio nilikuwa naicheka. Nilisema mtu wa magunia hana haja ya kukimbia kama anafukuzwa na mbwa.

Mwaka jana kaka yangu mkubwa, Okech, akafariki. Aliugua wiki tatu tu. Tulimzika nyumbani, Lambwe.

Kwetu Wajaluo, mwanaume mwenye boma akifa, wanaume hukimbia na ng'ombe mpaka mpakani mwa kijiji ili kifo kifukuzwe nyumbani. Inaitwa tero buru. Makanisa mengine hayataki, lakini wazee walisema Okech alipenda ng'ombe wake na lazima wamsindikize.

Tulizaliwa wawili tu. Mimi ndiye nilipewa kamba ya dume wake mweupe. Na tukifika mpakani, kwenye kijito, mimi ndiye nilipaswa kumtaja kaka kwa sifa zake, kwa sauti, wote wasikie. Nilikuwa nimezipanga kichwani tangu asubuhi.

Dume akatoka mbio.

Mita mia tatu hivi nilikuwa sawa. Halafu kifua kikawaka, miguu ikawa kama ya mtu mwingine. Nikaachilia kamba.

Binamu yangu Ouma, mwembamba, hajawahi kushika chuma, akaidaka akiwa mbio. "Omera, ndugu yangu! Kumbe hiyo mwili ni ya picha!"

Watu wakacheka. Siku hiyo kutaniana kunaruhusiwa, sikuona ubaya.

Nilifika kijitoni nikitembea. Wote wakasimama wakiningoja. Nikafungua mdomo: "Okech..." Hewa ikaisha. Nikajaribu tena kumwita mwana wa Lambwe: "Okech, wuod..." Ikaisha.

Mzee mmoja akanimalizia. Akataja sifa za kawaida, za mtu yeyote. Tukageuka tukarudi.

Hilo ndilo lilinikaa, wakuu. Kaka yangu alitajwa na mtu asiyejua mambo yake, na mimi nimesimama hapo, shingo kama ya fahali.

Nikarudi Kosele nikaanza kukimbia kwa hasira. Kilomita sita kila asubuhi, hata kesho yake baada ya squat. Wiki ya tatu magoti yakauma, na kilo 130 ikawa kazi. Nikaacha, nikajaribu kuruka kamba. Nina kilo 97. Jirani akauliza ninatwanga nini.

Siku moja tulipeleka mahindi Migori, nikapita kwa kocha wa gym moja pale. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ukikimbia unaweza kuongea?"

"Siwezi."

"Basi unakimbia kupita pumzi yako. Na hiyo miguu tayari ina mzigo wa squat. Tafuta baiskeli. Enda mwendo wa kuongea sentensi nzima. Chagua siku isiyo ya miguu. Ikilazimu zote siku moja, vyuma kwanza."

Okech aliacha baiskeli. Nikampigia mjane wake.

"Shemeji, njoo uichukue," akasema. "Inakaa tu hapo inaniangalia."

Ni ile ile ya zamani. Nikiwa na miaka tisa nilishikwa na malaria, na Okech alinifunga mgongoni mwake kwa leso ya mama, akaniendesha mpaka hospitali Magunga. Kilima chote hakushuka.

Sasa, mtu akiendesha peke yake ataongea nini? Nikaanza kutaja sifa za kaka. Sauti ikikatika, napunguza mwendo. Mwanzoni ilikatika hata kwenye tambarare.

Na niseme ukweli, kuna siku ilikatika na pumzi bado ninayo. Siku hizo pia nilipunguza mwendo.

Vyuma nikaweka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Baiskeli Jumanne na Alhamisi dakika arobaini, Jumamosi saa moja. Chakula nikaongeza. Baada ya miezi minne 160 ilikuwa imerudi, na kupumzika kati ya set, yaani raundi moja na nyingine, kulikuwa kumepungua karibu nusu. Magoti kimya.

Mwezi uliopita nilienda Lambwe kumsaidia shemeji kupalilia. Jioni akanipa kamba. "Mpeleke dume maji."

Maji ni kile kijito.

Ouma alikuwa kwenye ua. "Omera, niite mtu wa kukupokea njiani?"

Nilimgusa dume na fimbo, akatoka mbio, nikatoka naye. Ouma akafuata nyuma akipiga makelele. Pale nilipoachilia kamba napajua, kuna kichuguu. Tukapita.

Kijitoni nikasimama. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, lakini sauti ilikuwepo.

"Okech, wuod Lambwe! Mwenye dume mweupe! Aliyeacha darasa la sita ili mdogo wake amalize la nane! Aliyemfunga mgonjwa mgongoni kwa leso ya mama, na kilima hakushuka!"

Ouma alikuwa ameinama, mikono magotini, anatafuta hewa.

"Hiyo ya kilima sikuijua," akasema.

"Sasa umeijua."

Dume akanywa maji. Tukarudi tukitembea.

Hayo ndiyo yangu, wakuu. Mtu wa vyuma achague cardio isiyomgonga miguu, aende mwendo wa kuongea. Pumzi nimepata. Kaka bado namkosa vile vile, hilo baiskeli haitibu.

Wenye uzito na magoti kama yangu, nyinyi mnatumia nini? Na kama uko na wako wa kutaja, mtaje hapo chini. Nitasoma wote.