Mkusanyaji wa Bunduki Moja

Katika miaka ile mitumba ilipoanza kuingia Mwanza kwa marobota, na kila mwenye meza barabarani akajiita mfanyabiashara, nilinunua jarida moja kwenye lundo la vitabu chakavu pale Kirumba. Nilikuwa nimekwenda kutafuta kitabu cha sarufi. Wakati huo nilifundisha katika chuo cha ualimu, nami nilikuwa na shahada niliyoitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Jarida lenyewe lilikuwa la Kizungu, limeandikwa kwa ajili ya watu wanaokusanya bunduki kuukuu na kuzitengeneza upya. Kwenye ukurasa wa katikati alisimama mzee mwenye ndevu nyeupe, na nyuma yake ukuta mzima wa bunduki nyembamba za kuwindia ndege na sungura, zote za aina ile ambayo risasi yake ndogo huwaka kwa kugongwa ukingoni, si katikati. Nilimtazama yule mzee kwa muda mrefu. Nikaona huyu ndiye mtu aliyeishi vizuri.

Sikuwahi kupenda silaha. Tairi likipasuka barabarani, mimi ndiye wa kwanza kushika kifua. Nadhani nilichokipenda ni maneno: kurejesha hali ya kiwandani, kuheshimu mkono wa mtengenezaji wa kwanza, kuondoa makosa ya wamiliki waliofuata. Mwalimu gani asingependa kuondoa makosa ya waliofuata? Kwa wiki kadhaa nililisoma jarida lile nikiwa na kamusi pembeni, nikipiga mistari kwa kalamu nyekundu. Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba sikuwa na bunduki.

Ndipo baba akafariki. Naiandika sentensi hiyo mahali hapo kwa sababu ndivyo akili yangu ilivyoipanga wakati ule, na sijivunii.

Baba alikuwa mkaguzi wa pamba aliyestaafia Magu. Aliacha mjane, ng'ombe wachache, shamba la mpunga na mahindi, na bunduki moja ya aina ileile ya kwenye jarida, aliyouziwa kihalali na Mzungu wa kiwanda cha kuchambua pamba kabla mimi sijazaliwa. Ilikuwa ya kufukuzia tumbili. Utotoni tulikuwa tukisikia mlio kutoka upande wa shamba, mlio mkavu na mdogo, kama mtu aliyevunja kijiti cha kuwashia moto. Baada ya muda baba alirudi na bunduki begani, akaifungia ndani, akanawa mikono. Sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuulizia ufunguo.

Alipofariki, silaha ilipelekwa kituo cha polisi kama utaratibu ulivyotaka. Afisa aliyehusika na silaha alitueleza kwa upole: ukoo ukae, ukubaliane nani aombe leseni, mjane atie sahihi ya ridhaa, fundi mwenye kibali athibitishe kwamba bunduki ni salama. Muda uliowekwa ukipita, itabaki mikononi mwa serikali.

Kikao kilikaa nyumbani Magu. Niliposema naiomba mimi, baba mdogo alicheka mpaka akatoa leso.

"Mwalimu, bunduki ya nini? Wanafunzi wamekushinda?"

Watu wakacheka. Nilisimama. Ningekuwa na ubao, ningeandika. Nilieleza kwamba nyakati zimebadilika, kwamba urithi hauna jinsia, na kwamba nitakuwa mwanamke wa kwanza wa ukoo huu kushika silaha. Nilitamka "mwanamke wa kwanza" mara tatu. Nakumbuka idadi kwa sababu kila nilipotamka, baba mdogo alimtazama mama, naye mama akatazama vidole vya miguu yake. Nilidhani wanaona haya kwa niaba ya mila.

Nilipokaa, mama alisema maneno machache tu. "Itengenezwe kwanza. Niione. Nikiridhika, nitatia sahihi."

Kwa hiyo mambo yote yalibaki kwenye sahihi ya mama: aiweke, nami niwe mkusanyaji mwenye bunduki moja, asiiweke, nibaki na jarida. Sikuwa na wasiwasi. Mama aliishia darasa la nne, mimi nilikuwa na kamusi.

Fundi tuliyempata alikuwa mzee wa mjini, pale pale Kirumba, wa familia iliyokaa Mwanza vizazi vitatu ikitengeneza kufuli, cherehani na bunduki. Alikuwa na kibali kilichotundikwa ukutani ndani ya fremu, na kabati la chuma ambalo ufunguo wake alilala nao. Polisi waliandika karatasi ya kuihamisha bunduki hadi kwake, ikafungiwa humo, nami nikaruhusiwa kuja kila Jumamosi na kuifanyia kazi mbele ya macho yake. Siku ya kwanza niliingia na shajara, glavu za kuoshea vyombo na lile jarida.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Glavu za nini?"

"Jasho la mikono huharibu chuma."

"Chuma niachie mimi," alisema. "Wewe cheza na mti."

Hewa ya ziwa ilikuwa imekula mtutu kwa nje, lakini ndani ulikuwa safi ajabu, umetunzwa. Fundi alilitazama hilo, akaguna, akaendelea. Kilichonikera mimi kilikuwa kitako. Mtu alikuwa amekikata kwa nyuma kikawa kifupi, akakivika ngozi ya ng'ombe, tabaka juu ya tabaka, iliyoshonwa ikiwa mbichi na kukauka mpaka ikawa ngumu kama kwato. Kwenye jarida hapakuwa na kitu cha aina hiyo. Niliandika kwenye shajara: *matengenezo ya kienyeji, yaondolewe.*

Fundi alipitisha kidole gumba juu ya mshono. "Aliyefanya hivi alijua anachokitafuta. Umeuliza nyumbani?"

Badala ya kujibu nilimfungulia ukurasa wa katikati. Alivaa miwani, akamtazama yule mzee wa ndevu.

"Huyu ni nani?"

"Mkusanyaji."

"Analima nini?"

Fundi alivua miwani, akavuta droo. "Haya. Kisu hiki hapa."

Kuiondoa ngozi ile kulinichukua Jumamosi tatu. Nilivunja ncha ya kisu cha fundi, nikajikata kidole ndani ya glavu, na kila kipande kilichotoka nilikirusha nje kwa dharau ya kitaaluma. Mbwa wa mtaa ule walijifunza ratiba yangu haraka kuliko wanafunzi wangu walivyowahi kujifunza. Kufikia Jumamosi ya tatu walikuwa wananisubiri mlangoni, wamekaa mstari mmoja.

Kisha nikatengeneza kitako kipya cha mninga, kwa vipimo vya jarida, kirefu kama kiwanda kilivyokusudia. Ninaposema nilitengeneza, namaanisha kwamba fundi aliranda na kuchonga huku nikimsomea vipimo kwa sauti, halafu akaniachia msasa. Mti peke yake si silaha, kwa hiyo niliruhusiwa kukichukua nyumbani Mkolani kukipaka mafuta. Jarida lilitaka mafuta ya kitani. Mwanza nzima sikuyapata. Lakini mji ulikuwa umejaa mafuta ya samaki, kwa sababu viwanda vya minofu vilikuwa vinafunguliwa kando ya ziwa na sangara alikuwa kila mahali, nami nikafikiri kisomi kwamba mafuta ni mafuta.

Nilikipaka kitako changu mafuta ya sangara mara saba na kukianika barazani. Siku ya pili paka sita ambao sikuwahi kuwaona walikuwa wamekizunguka. Jirani alibisha hodi akiwa na bakuli, akauliza kama tunauza. Mume wangu, mtu mpole asiyeingilia mambo ya watu, alisimama mlangoni akakitazama.

"Mke wangu, hiki ni cha kufyatulia au cha kuunga nazi?"

Nilikirudisha kwa fundi. Alikinusa, akakiosha kwa majivu na maji ya moto, akakianika kivulini wiki nzima, kisha akanipa donge la nta ya nyuki. Nilisugua. Sitasema uongo, kilipendeza. Mistari ya mninga ilijitokeza myekundu, na alipokiunganisha na mtutu aliousafisha, bunduki ile ilifanana na ya jarida kiasi kwamba nilishika kifua bila tairi kupasuka.

Tulikutana kituoni Magu siku ya kuikagua. Fundi aliileta mwenyewe ndani ya gunia, pamoja na karatasi zake. Mama alikuja na baba mdogo, amevaa kitenge chake cha kanisani. Afisa alifungua, akahakikisha hakuna risasi, akailaza mezani juu ya gazeti.

Nilikuwa nimeandaa maelezo. Nilieleza juu ya mninga. Nilieleza juu ya hali ya kiwandani. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyozoea kusikiliza mahubiri, kisha akamgeukia afisa.

"Naruhusiwa kuishika?"

"Shika tu, mama. Ni tupu."

Mama aliichukua kwa mkono mmoja. Alivuta komeo la chuma nyuma, akachungulia chemba ya risasi, akauinua mtutu kuelekea dirishani akatazama ndani yake, akarudisha komeo mahali pake. Yote hayo aliyafanya bila kutazama mikono yake, kama anavyomenya viazi. Kisha akaileta begani na kuilenga nguzo ya bendera huko nje. Kitako kilimgonga kwapani. Akajaribu tena, akanyoosha shingo, shavu lisifike.

"Ndefu," alisema. "Nani amekata ngozi yangu?"

Fundi alianza kulikunja lile gunia kwa uangalifu mkubwa, pembe kwa pembe.

"Ngozi yako, mama?"

"Nilikuwa na mimba yako nilipoishona. Bunduki ilikuwa inanipiga hapa." Akagusa bega. "Baba yako akakikata kitako kwa msumeno, mimi nikaishonea ngozi, ikawa laini. Iko wapi?"

"Nime... imeliwa na mbwa."

"Mbwa gani?"

"Wa Kirumba."

Baba mdogo alitoa leso yake. Nilijaribu kushika kitu fulani kilichobaki imara. "Lakini baba ndiye aliyekuwa akifukuza tumbili. Tulimwona akirudi nayo."

"Kuibeba aliibeba," mama alisema. "Leseni ilikuwa yake. Alinisindikiza. Lakini yule alikuwa anafumba macho yote mawili kabla ya mlio. Tumbili walishamjua, walikaa tu."

Hapo afisa alisimama ghafla, akaenda dirishani kuchunguza kama kuna dalili za mvua. Alikaa huko, ametupa mgongo, mpaka alipoona hadithi imepita.

"Baba mdogo, ulijua?"

"Kijiji kizima kinajua. Isipokuwa mliokuwa shule za bweni." Kisha akainua kidole kimoja hewani, akakitikisa polepole mbele ya uso wangu. "Mwanamke wa kwanza!"

Nilitamani sana ardhi inimeze, lakini sakafu ya kituo ilikuwa ya saruji. Nikafanya kilichobaki: nikatoa karatasi ya ridhaa na kuisukuma mbele ya mama, pamoja na kalamu. Hata leo najiuliza ni ujasiri gani ulionisukuma. Mama aliisoma taratibu, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Alipofika kwenye jina langu akatua.

"Mwanangu, wewe unaitakia nini?"

Nilifikiria ukuta wa yule mzee wa ndevu. Nilifikiria shajara. "Kuitunza," nilisema.

"Isiguswe na nani?"

Niliinamisha kichwa. Mama alirudisha kalamu mezani bila kuitumia, kwa adabu kabisa, akaigeuza ili upande wa kushikia unielekee mimi.

"Afande," alisema, "mjane anaweza kuomba mwenyewe?"

Afisa alirudi kutoka dirishani. "Anaweza, mama. Kuna fomu. Itapita kwa wakubwa, nao wataamua."

"Basi huyu ataniandikia. Amesoma."

Wakati afisa anatafuta fomu, mama alimwita fundi mezani. Aliweka vidole vinne juu ya kitako changu cha mninga, kwenye ile sehemu niliyoisugua nta mpaka kiganja kikatoa malengelenge. "Toa hapa." Fundi alichukua penseli kutoka nyuma ya sikio akachora mstari mweusi, ulionyooka, katikati ya urembo wangu wote. Hakunitazama, na nilimshukuru kwa hilo. Mama akamwambia ngozi atashona mwenyewe. Kuna ndama aliyekufa juzi.

Fomu ilipokuja nilikaa kwenye benchi la kituo na mama pembeni yangu, nikaandika kwa mwandiko wangu bora. Jina la mwombaji. Kazi: mkulima. Sababu ya kuhitaji silaha: alinitajia shamba, mpunga, mahindi na wanyama wanaoyala, na niliyaandika yote. Kwenye uzoefu wa kutumia silaha tulitazamana kidogo, kisha sote wawili tukamtazama afisa, aliyekuwa amezama katika kitabu chake cha matukio. "Andika najifunza haraka," mama alisema.

Mwishoni palikuwa na nafasi ya jina la mtu atakayeitunza silaha iwapo mwombaji atashindwa kwa ugonjwa au sababu nyingine. Nilisoma kipengele hicho kwa sauti. Niliiweka ncha ya kalamu mahali ambapo herufi ya kwanza ya jina langu ingeanzia, nikasubiri.

Mama alinitazama: glavu zilizochungulia kwenye mkoba, jarida, kidole chenye kovu.

"Hapo," alisema, "acha wazi kwanza."