Gari Alilolichagua Sule

Sisi tuliokulia ndani ya Kinango, gari tulilijua kwa vumbi lake kabla ya kuliona. Vumbi likiinuka upande wa Kwale, tuliacha kila tulichotumwa, mbuzi na madumu ya maji, tukakimbilia ukingoni mwa barabara. Aliyetaja aina ya gari kabla halijatokeza ndiye aliyekuwa bingwa hadi magharibi. Lori la ng'ombe wa mnadani tulilitambua kwa vishindo, gari la serikali kwa mluzi wake. Na mara moja moja lilipita gari dogo la milango minne na buti nyuma, ambalo wakubwa waliliita saluni, nasi tukalipungia mikono kana kwamba waliomo ndani ni jamaa zetu.

Bingwa wetu daima alikuwa kaka yangu, Suleimani. Sisi tulikimbia, yeye alibaki amekaa kwenye jiwe mbele ya nyumba, na bado alitaja kabla yetu. Hakuwa akikimbia kwa sababu alizaliwa na ugonjwa wa seli mundu. Jina hilo nililijua ukubwani. Nyumbani tulisema tu, "Mifupa ya Sule imeamka." Ikiamka, hakulia kama watoto wengine. Aliuma ukingo wa mkeka, akatutazama.

Siku ambazo mifupa ililala, hakuna aliyemfikia kwa kuunda magari ya waya. Alivunjavunja vipande vya nyaya za ua wa Ami Ndaro, mdogo wake baba, akaunda saluni ambazo milango yake ilifunguka na kufungika. Watoto wa leo wananunuliwa gari la betri, jioni limevunjika, kesho wanadai jingine. La Sule lilikaa msimu mzima wa mahindi, na kulishika tu uliomba ruhusa. Tulicheza mpaka Mama apaze sauti kwamba uji wa ukwaju unapoa, na asiyekuja angekula upepo.

Baba alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani. Alikuja nyumbani kila baada ya wiki kadhaa, nguo zake zikinuka bizari na vitunguu, mfuko wake una mikate migumu ambayo kwetu ilikuwa keki. Akiwa kazini, mifupa ikiamka, aliyemhangaikia Sule alikuwa Mama. Akihitaji kuongezewa damu, safari ilikuwa ya hospitali ya Msambweni, na mwanzo wa safari hiyo ulikuwa mkokoteni wa punda wa kubebea maji. Tulishusha madumu, tukatandika gunia, tukamlaza. Kila gurudumu lilipoingia shimoni niliona vidole vyake vya miguu vikijikunja. Mama alitembea kando akisoma Yasini, na mwenye punda aliogopa hata kumpiga mnyama wake.

Siku moja Baba alishuka kutoka kwenye lori njia panda, akakutana na mkokoteni huo uso kwa uso. Alimbeba Sule mgongoni njia yote iliyosalia mpaka kituo cha matatu. Aliporudi nyumbani baadaye alimwambia Mama, "Nitatafuta gari."

Habari zilienea, na kila mtu akawa fundi. Ami Ndaro, dalali wa mbuzi, alikuja na ushauri wake kabla hata ya kuketi.

"Kaka, chukua pikapu. Utabeba mahindi, utabeba maji, utanibebea na mbuzi mpaka mnadani. Saluni ni gari la karani."

"Na mwanangu nimlaze wapi?" Baba akamwuliza. "Juu ya mbuzi?"

Ami alicheka, kisha akaona kwamba Baba hacheki.

Baba alikuwa amefundishwa kuendesha na madereva wa hoteli, lakini chini ya boneti hakujua kitu. Wenzake walimpa maarifa yao. Gonga bodi kwa kidole, penye sauti nzito pamejazwa pati ya kufichia kutu. Inua zulia unuse, gari la pwani huliwa na chumvi kutoka chini. Tazama moshi, ukiwa wa buluu gari linakunywa oili. Baba aliyashika yote hayo, akaongeza jambo lake mwenyewe ambalo hakufundishwa na mtu. Kila gari alilokwenda kulitazama, alimchukua Sule, Mama na mimi. Mama aliketi nyuma, Sule akalala kwenye kiti na kichwa mapajani mwa Mama, mimi nikakaa mbele kumtazama. Kisha Baba akaliendesha kwenye njia mbovu.

La kwanza tulilitazama Ukunda. Lilikuwa jeupe, linang'aa, viti vina vitambaa vyekundu, na mwenyewe alikuwa kijana wa kutoka bara aliyechanganya Kiswahili na Kizungu na maneno mengine tusiyoyajua. Alipoona mtoto akilazwa nyuma alisema, "Mzee, hii ni gari ama ni ambulansi?" Baba alimjibu kwa adabu kwamba Mungu akipenda litakuwa gari tu.

Sule alilipenda. Nililiona hilo machoni mwake alipopapasa kile kitambaa chekundu. Tukaingia kwenye njia ya mashimo, Baba akauliza, "Vipi, baba?" naye akajibu, "Zuri." Shimo la pili, "Zuri sana." Lakini mimi nilikuwa nikimtazama, na machozi yalikuwa yakishuka kuelekea masikioni bila sauti. Mama alihisi paja lake limelowa.

"Simamisha," akasema.

"Siumii, Mama! Wallahi siumii!"

Baba aligeuza gari, akalirudisha kwa mwenyewe, akashukuru. Sule hakusema nasi mpaka Kombani. Alikuwa tayari kuumia maisha yake yote ili tuwe na gari zuri.

Tulitazama mengine. Moja lilitoa kelele kila sehemu, jingine halikuwaka kabisa, mwenyewe akaapa kwamba jana liliwaka. Mwishowe mwuza mboga mmoja pale Kombani alitwambia kuna mzee Mkamba, mkulima huko kwenye mashamba ya Shimba Hills, macho yake yanaingia giza na hawezi tena kuendesha. Aliitwa Mzee Musyoki. Mkewe alitukaribisha chai na viazi vitamu, tukamwamkia shikamoo, akatuitikia kwa furaha kwa kuwa, alisema, watoto wake wote wako Nairobi.

Gari lenyewe lilikuwa la kijani kilichopauka kama jani la mgomba mkavu. Mzee alilizunguka akilipapasa kwa kiganja.

"Mimi sitawadanganya," alisema. "Hii gari inakunywa maji kuliko ng'ombe. Rejeta imezibwa, ikazibwa tena, bado inavuja. Na huu mlango wa nyuma unafunguka kutoka nje tu. Lakini springi zake nilizitunza, kwa sababu mama yangu alikuwa mgonjwa wa mgongo."

Tukapanda. Baba akateremka nalo mteremko mmoja mbaya, mawe na makorongo. Mimi nilimtazama Sule kama nilivyoagizwa. Baada ya kitambo Baba aliuliza bila kugeuka, "Hawa, kaka yako vipi?"

"Amelala, Baba."

Alisimamisha gari. Alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili na mabega yake yakawa yanatikisika, ingawa injini ilikuwa imezimwa. Mama akamwambia polepole, "Basi, tena. Ndilo hili."

Hivyo ndivyo gari linalokunywa maji lilivyokuja kukaa mahali pasipo na maji. Mama alisema Mungu ametujalia ngamia asiyejua jangwa. Tulikuwa na dumu la kupikia, dumu la udhu, na dumu la gari, na la gari halikuguswa hata na mgeni. Tulioga kwa kikombe. Leo wanangu wakiingia bafuni na simu, maji yanamwagika mpaka wimbo uishe, nami nje ya mlango nahisi kiu.

Sikukuu moja Baba alitupakia sote akatupeleka Diani. Sisi watoto hatukuwahi kuiona bahari kwa karibu. Sule alikaa mbele, mkono nje ya dirisha, akitaja kila gari lililotupita. Nilipoyaona maji yale yote nilipiga kelele, "Baba, tujaze rejeta hapa!" Baba alicheka mpaka akaketi mchangani. Sikumbuki kumwona akicheka vile kabla ya hapo wala baada yake.

Kisha ukaja ukame. Silanga letu, bwawa tulilochotea maji, lilikauka likabaki tope lenye nyayo za ng'ombe, na wanawake walitoka alfajiri wakarudi adhuhuri na nusu dumu. Jirani yetu Bi Mejumaa alijifungua siku mojawapo ya hizo, na hakukuwa na tone la kumwosha mtoto. Mama alilichukua dumu la gari akampelekea. Nani angefanya vingine? Kesho yake mchana mifupa ya Sule iliamka, na haikuwa kama siku nyingine. Macho yake yaligeuka manjano, midomo ikawa myeupe. Baba alikuwepo. Alifungua boneti, akatazama, akaifunga tena. Rejeta ilikuwa kavu.

Mama alitoka nje akasimama uani. Hakuomba. Alisema tu kwa sauti, "Jamani, Sule."

Wakaja. Mwenye kikombe alileta kikombe, mwenye kibuyu alileta kibuyu. Bi Mejumaa alimtuma mamake na sufuria yenye maji aliyomwoshea mtoto, yana ukungu wa sabuni, Baba akayapokea na kuyamimina kama maji ya zamzamu. Ami Ndaro alikuja mbio na ndoo ya mbuzi wake, mbuzi wenyewe wakimfuata nyuma wakilia. Hakusema neno juu ya pikapu. Gari likawaka. Tulikwenda Kwale, tukateremka Kombani, tukafika Msambweni moshi ukitoka chini ya boneti, na Sule akaongezewa damu, akaishi.

Ningependa kuishia hapo. Wasimulizi wa kwetu wangeishia hapo.

Mvua zilirudi. Mahindi yalisimama, silanga likajaa vyura, kila dumu likafurika. Baba aliizibisha rejeta upya kwa fundi wa Kwale, na kwa mara ya kwanza ikashika. Gari lilikuwa zima kuliko lilivyowahi kuwa. Asubuhi moja ya mvua nyepesi Mama alimwita Sule aje anywe uji. Akamwita tena. Nilitumwa mimi nikamwamshe. Alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, na uso wake ulikuwa umetulia, nami nikadhani ni usingizi ule wa Shimba Hills, nikarudi jikoni nikasema, "Amelala, Mama."

Hakuna aliyeliwasha gari siku hiyo. Makaburi yetu yako nyuma ya nyumba.

Baba hakulipanda tena. Likakaa chini ya mkwaju mpaka kuku wakalizoea, halafu akaja mnunuzi kutoka Taru. Alipiga tairi teke, akagonga bodi, akauliza linakwenda umbali gani kwa lita. Baba alimjibu yote, hata habari za mlango wa nyuma. Mwishowe yule mtu aliuliza, "Sasa mbona unaliuza, kama ni zima hivi?"

"Gari halina kosa," Baba akasema, akamkabidhi ufunguo, akaingia ndani.

Baba naye ameshatangulia. Mimi naishi Kombani na Mama, ambaye sasa amekuwa mzee sana, anayachanganya ya jana na ya zamani. Juzi mwanangu Athumani alinunua gari lake la kwanza, saluni vilevile, limetumika ng'ambo. Alilichagua kwa simu. Alinionyesha picha akiwa kitandani, akanisomea maoni ya watu asiowajua, akanieleza kamera ya nyuma, na spika, na jinsi taa zinavyobadilika rangi. Nilimwuliza kama amekaa kiti cha nyuma. "Nyuma ni kwa abiria, Mama," akasema. Simlaumu. Barabara ya Kinango imetiwa lami, na nasikia wenye ugonjwa wa Sule siku hizi wana vidonge vyao, wanasoma, wanaoa, wanazeeka. Kliniki nimemwona mmoja mwenye mvi ndevuni, nikamkodolea macho mpaka akaniuliza kama tunajuana.

Jumamosi Athumani alikuja kulionyesha. Vijana wenzake walijaa ndani, wakaniamkia kwa haraka, muziki juu. Niliuliza wanakwenda wapi. "Popote, Mama!" Akaliwasha pale uani.

Mama alikuwa ndani akisinzia. Aliposikia mngurumo wa injini alishtuka, akaanza kutafuta kanga yake kwa mikono miwili, miguu ikipapasa chini kutafuta viatu.

"Nani anaumwa?" akaniuliza. "Hawa, nani anaumwa?"

"Hakuna, Mama. Watoto wanakwenda kutembea tu."

Alisikiliza mpaka sauti ya gari ikapotelea barabarani.

"Kutembea," akasema. Kisha akaketi, kanga bado mkononi.